Mashine Imechoka

Kalokola alikuja kesho yake baada ya kuanua matanga, maturubai yakiwa bado hayajarudishwa kwa mwenyewe na viti vya kukodi vimeegemezwa ukutani. Alikuja na gari la kampuni. Dereva wake alishusha kiroba cha mchele wa Kyela na mfuko wa sukari, akaviweka barazani kwa adabu zote.

Subilaga alimtambua kabla hajajitambulisha. Miaka kadhaa nyuma walikaa pande mbili za meza moja na kurushiana maneno mchana kutwa. Yeye, muuza mbegu wa Uyole, alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Abiria. Kalokola alikuwa, na bado alikuwa, msemaji wa Lango Jepesi, kampuni iliyokuwa na mageti yote ya treni ya mjini Mbeya.

"Pole sana, Mama Atupele," alisema akikaa. "Mzee Anyosisye alikuwa abiria wetu wa siku nyingi."

"Asante, tumeshapoa."

"Nimekuja kutoa pole. Ila kuna na jambo jingine, na ni afadhali ulisikie kwangu kuliko ulisikie mtaani." Alikisogeza kikombe cha chai bila kunywa. "Geti lilijua."

"Lilijua nini?" Subilaga aliuliza.

"Wiki za mwisho lilikuwa likimkataa mzee. Leo linampitisha, kesho linamkataa. Wataalamu wetu wamerudi kuangalia baada ya msiba. Moyo wake ulikuwa umeharibika, mama. Geti lilikuwa linaona."

Subilaga hakuhitaji kufafanuliwa. Alizijua nguzo zile kuliko madiwani walioziidhinisha. Enzi za kugusisha kadi zilikuwa zimepita, na za kulipa kwa simu zikapita pia, maana kila asubuhi foleni ilikwama kwa mtu ambaye simu yake imezima chaji. Ndipo Lango Jepesi wakaleta mageti yanayosoma moyo. Ndani ya nguzo mbili za kila geti kulikuwa na kifaa kinachotuma mawimbi yasiyohisiwa. Mawimbi yanagonga kifua, yanarudi. Kila pigo la moyo hukisukuma kifua kidogo mno, na hakuna mioyo miwili inayosukuma kwa namna moja. Mtu anapita mikono mitupu, geti linamjua, nauli inakatwa, simu inatetema mfukoni. Kukimbia, homa, mimba, hasira, vyote hivyo geti lilifundishwa kuvisamehe. Hata uzee lilijifunza kidogo kidogo kadiri mtu anavyopita. Kitu ambacho halikusamehe ni umbo la pigo lenyewe kubadilika kwa haraka. Hapo lilimwona mtu kuwa mgeni, likawaka taa nyekundu na kumtuma dirishani akasajiliwe upya.

"Kama lilijua," Subilaga alisema, "kwa nini hakuambiwa?"

Kalokola alishusha pumzi kama mtu aliyelisubiri swali hilo njia nzima. "Wewe ndiye unayejua kwa nini. Sheria ilitufunga mdomo. Geti litasoma moyo wa abiria kwa ajili ya nauli tu. Maneno hayo mliyaandika ninyi. Sisi tulipinga, ukumbuke."

Alikumbuka. Alikumbuka pia sababu. Ngwisa, jirani yake, dereva wa malori ya makaa ya mawe, aliitwa ofisini siku moja akaambiwa moyo wake haufai kwa safari ndefu. Hakuwa amekwenda hospitali yoyote. Alikuwa amepita getini. Lango Jepesi walikuwa wakiwauzia waajiri mioyo ya watu, na Subilaga aliwaongoza abiria kutembea kwa miguu kutoka Uyole mpaka mjini, siku baada ya siku, treni zikipita tupu, hadi kifungu kile kikapatikana.

"Baraza la Jiji linakaa wiki ijayo," Kalokola aliendelea kwa sauti ya chini. "Tunaomba hilo neno 'tu' liondolewe. Ukisimama wewe, mjane, wewe uliyelipigania, ukasema kwamba mume wako angekuwa hai, hakuna diwani atakayepinga. Utaokoa watu, mama."

"Mkiliondoa, geti litamwambia nani?"

"Wadau wote wanaohusika."

"Wataje."

"Kampuni za bima. Waajiri, kwa kazi za hatari. Hospitali. Na..."

"Na mwenye moyo ni wa ngapi kwenye orodha yenu?"

Kalokola alikivuta tena kikombe cha chai.

Subilaga aliinuka. Anyosisye alianguka jukwaani Uyole asubuhi akienda kazini, akiwa ameshapita getini, taa ikiwa ya kijani. Simu yake ilitetema akiwa chini, na Subilaga aliyekuja mbio kutoka dukani ndiye aliyeitoa mfukoni. Ilikuwa imeandika: Asante kwa kusafiri nasi.

"Mwite dereva wako," alisema. "Mbebe mchele wenu."

"Mama Atupele, huu ni ubani, hauhusiani na..."

"Mbebe na sukari."

Alisimama mlangoni mpaka gari lilipogeuza, kisha akabaki amesimama.

*

Atupele alikuwa jikoni akisugua masufuria ya msiba. Alikuwa muuguzi Njombe na kesho yake alitakiwa kazini. Alikuwa amesikia kila neno.

"Kwa hiyo lilijua," alisema bila kugeuka.

"Lilijua likampitisha."

"Likampitisha kwa sababu mlilikataza kusema. Nilikuwa chuo, mama, nakumbuka. Ulinipigia simu unacheka. Ukaniambia tumeshinda, tumewabana kwa neno moja tu."

"Ulitaka wamuuze baba yako kama walivyomuuza Ngwisa?"

"Ngwisa alifukuzwa kazi, akapata nyingine. Juzi si alikuwa hapa anakula wali?" Atupele aliliacha sufuria likazama kwenye beseni. "Mtu mwenye moyo kama wa baba akija kwetu mapema anapewa dawa. Pengine anawekewa kifaa. Anarudi nyumbani kulalamika kwamba chakula hakina chumvi. Ninawaona kila siku, mama. Wanaokufa ni wale ambao hakuna mtu aliyewaambia."

"Na wale wanaonyimwa kazi, wanaonyimwa bima, hao unawaona wapi? Hao hawaji wodini kwenu. Wanakaa nyumbani na watoto wana njaa."

"Kwa hiyo ukirudishwa kwenye ile meza leo, utaandika vilevile?"

"Nitaandika vilevile."

Aliyasema kwa hasira, kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Atupele alijifuta mikono kwenye kanga, akapita pembeni yake bila kumgusa. Asubuhi alipanda basi la Njombe. Aliaga kama mtu anavyomuaga mama mwenye nyumba.

*

Subilaga alikwenda kituo cha Mafiati, ambako Anyosisye alikuwa akipandia kila siku akitoka kwenye karakana yake ya pampu. Akaunti yake ilikuwa bado wazi, na kampuni ilitaka ndugu afike mwenyewe kuifunga. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa.

Abiria walikuwa wanapita kwenye mageti bila kupunguza mwendo, wengine wakiongea na simu, mama mmoja na mtoto mgongoni akilipishwa nauli ya mmoja na simu ikitetema mara moja. Kijani, kijani, kijani. Aliwahi kuupenda utaratibu ule. Leo aliutazama akatamani kuzivunja nguzo zile kwa jiwe.

Dirishani alikaa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kibandiko chake kimeandikwa Yusta Sichone.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kufunga akaunti ya mume wangu. Anyosisye Mwakalinga."

Vidole vya Yusta vilisimama. "Yule mzee wa kofia ya pama," alisema taratibu. "Pole, mama. Sikujua kama ndiye."

"Alikuwa anakuja dirishani kwako?"

"Alikuwa anakuja. Geti likimkataa."

"Alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anatania. Alisema, 'Hata mke wangu siku hizi ananitazama mara mbili kabla ya kunifungulia.'"

Subilaga alishika ukingo wa dirisha. Ilikuwa kweli. Alikuwa anamtazama mara mbili, kwa sababu uso wake ulikuwa umepauka, na kila akimuuliza, mzee hujibu ni vumbi la karakana. "Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilimwambia mashine imechoka."

"Ulijua ni uongo?"

Yusta alitazama nyuma yake, kisha akasogea karibu na kioo. "Kwenye mafunzo tuliuliza, mama. Tukaambiwa mtu akikataliwa asiulizwe hali yake. Asiambiwe kwamba moyo wake umebadilika. Aambiwe mashine imechoka, asajiliwe upya, apite, foleni isisimame. Wakisikia mambo ya moyo watakaa hapo kuuliza maswali, na siku mmoja akifa ndugu zake watasema tulijua." Alitazama tena nyuma yake. "Wakasema ndivyo sheria inavyotaka. Kifungu chenu."

"Kifungu chetu kimelifunga geti. Wewe ni geti?"

"Hapana, mama."

"Kuna mahali kimeandika kwamba mtu adanganywe?"

"Nina watoto. Mwenzangu wa kituo cha Soweto alimwambia abiria ukweli, wakamtoa siku hiyohiyo." Machozi yalikuwa yanamlenga. "Ningejua atakufa ningemwambia. Nakuapia."

"Ungejuaje? Kazi yenu ni kuhakikisha hakuna anayejua."

Alisema kwa ukali na hakuujutia. Hasira yake ilikuwa imepata mahali pa kukaa, na kwa muda ilikuwa karibu na raha. Geti likiwaka nyekundu, linawaka mbele ya watu wote. Hapakuwa na siri ya kuuza wala ya kulinda. Kilichotakiwa ni mtu mmoja kumwambia mzee maana ya ile taa. Badala yake walimsajilia moyo mbovu kana kwamba ni mpya, wakalifundisha geti kuuzoea, wakamkata nauli.

Lakini akiwa anatoka, jambo jingine lilimjia, nalo halikumpa raha. Siku walipoandika kifungu, mjumbe mmoja alipendekeza waongeze maneno matatu, isipokuwa mwenye moyo, ili yeye peke yake aambiwe. Subilaga ndiye aliyekataa. Alisema kampuni ikiachiwa tundu dogo itapitisha lori. Alikuwa sahihi kuhusu kampuni. Hata sasa, akiigeuza namna zote, alikuwa sahihi, na Anyosisye alikuwa kaburini.

Hakuweza kusubiri wiki ijayo.

*

Asubuhi iliyofuata alisimama Mafiati, ndani ya ukumbi, hatua chache kabla ya mageti. Mtu akikataliwa, alimfuata akielekea dirishani na kumnong'oneza. "Mashine haijachoka. Maana ya ile taa ni kwamba mapigo ya moyo wako yamebadilika. Pengine si kitu. Nenda hospitali leo, usingoje."

Bibi mmoja alimshika mikono yote miwili akamshukuru. Mwanamume mwenye suti alimwambia akapimwe akili. Wengine walimtazama kwa woga wakaondoka haraka, asijue walikwenda wapi. Hawakuwa wengi, siku ilikuwa ikitoa mmoja mmoja. Yusta alimwona, hakumwita mlinzi, wala hakumtazama tena.

Baada ya siku chache watu walianza kuelewa. Subilaga aliona namna foleni inavyotulia anapojongea, shingo zikigeuka. Mtu aliyesogelewa na yule mama alikuwa mgonjwa. Haikuhitaji kunong'onezwa, ilitosha kuonekana. Aliliona hilo na akajifanya hakuliona.

Kisha geti likamkataa fundi mmoja wa zege.

Alikuwa mwanamume wa makamo, ovaroli imekakamaa kwa saruji. Taa iliwaka nyekundu, na ile sauti laini ya mashine ikamwomba aende dirishani. Subilaga alianza kumfuata. Fundi alimwona anakuja, macho yakamtoka. Alitikisa kichwa mara moja, kidogo sana, kisha akageuza macho kuelekea nyuma yake. Nyuma yake kulikuwa na mtu mwenye kofia nyeupe ya saiti na fulana ya kung'aa, msimamizi wake, aliyekuwa ameacha kuongea na simu na sasa anamwangalia Subilaga.

Subilaga alisimama palepale.

Akienda mbele, mtu yule angekosa kazi kabla ya jioni. Hapakuwa na haja ya Lango Jepesi kumuuza. Yeye mwenyewe, Subilaga, mwenyekiti aliyewatembeza watu kwa miguu kwa ajili ya Ngwisa, ndiye angekuwa amemuuza, bure, mbele ya kituo kizima. Asipokwenda, fundi angeambiwa mashine imechoka, angesajiliwa, angepanda treni na kwenda kubeba zege juu ya ghorofa. Alimwona Anyosisye kwenye simenti ya jukwaa, kofia yake imebingirika pembeni. Alimwona Kalokola na kikombe chake cha chai. Alimchukia Kalokola, akaichukia sauti laini ya lile geti, akamchukia hata fundi kwa kumwomba asiokolewe. Kifua kilimbana kwa ghadhabu kiasi kwamba kama angepita getini saa ile hakujua lingemsoma vipi.

Akageuka akampa fundi mgongo. Akaitazama foleni nzima.

"Ndugu zangu," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akaipandisha. "Nisikilizeni, wote. Sisemi na mtu mmoja. Geti likikukataa, leo, kesho, au kama lilikukataa mwezi uliopita, mashine haijachoka. Mashine hizi hazichoki. Limekukataa kwa sababu mapigo ya moyo wako si yale liliyoyazoea. Dirishani watakudanganya, kwa sababu wameagizwa wakudanganye. Usibishane nao. Jisajili, upite, kisha uende hospitali. Usimwambie bosi wako. Usiniambie mimi. Nenda tu."

Watu walisimama. Aliyarudia tena, neno kwa neno, kwa walioingia nyuma. Aliyarudia kwa mama wa mboga, kwa wanafunzi, kwa mwanamume mwenye suti. Aliwaambia wenye kijani na wenye nyekundu kwa sauti ileile. Mlinzi mmoja alitokea, akafuata wa pili.

"Mama, huruhusiwi kufanya mkutano hapa."

"Ninamsubiri mume wangu," alisema. "Alipandia hapa."

Walimshika mikono. Hakupigana nao, lakini hakutembea pia, ikabidi wamburute, na njia nzima alikuwa akisema yale maneno, sauti ikikwaruza. Karibu na mlango alimwona Yusta amesimama ndani ya chumba chake, foleni ya dirishani imekatika, mkono wake uko juu ya mdomo. Fundi wa zege alikuwa mbele ya kioo. Yusta aliushusha mkono, akainama kwenye kitundu cha kuongelea na kumwambia fundi jambo. Subilaga hakulisikia. Aliona tu fundi alivyoacha kujikuna ndevu na kumtazama yule dada usoni, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuambiwa mashine imechoka.

Walinzi walimwachia nje, kwenye kona ya bajaji, kiatu kimoja kikiwa kimebaki ndani. Mmoja alirudi akamletea, akakiweka chini bila kumtazama.

Alikuwa anakivaa alipoona viatu vya mtu mbele yake, buti za saiti. Alikuwa yule msimamizi. Amevua kofia nyeupe, ameikumbatia. Subilaga alinyooka akijiandaa kutukanwa, na alikuwa na majibu tayari, mengi.

"Mama," msimamizi alisema. Alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi. "Lile geti. Mimi lilinikataa juzi. Na wiki iliyopita."

"Ukafanya nini?" Subilaga aliuliza.

"Nilikwenda dirishani, kituo cha Sae. Waliniambia..."

"Najua walivyokuambia."

"Sasa hivi linanipitisha. Leo limenipitisha vizuri. Si inamaanisha nimepona?"

Alimtazama midomo, iliyokuwa imepauka kama ya Anyosisye, na jasho lililomjaa juu ya mdomo wakati kulikuwa na baridi. Alitegemea kwamba siku atakayompata mtu kama huyu kwa wakati atafurahi. Alichokuta ndani yake ni hasira ileile, sasa imekuwa kubwa kuliko kituo, kuliko Kalokola na baraza lake ambalo angekwenda kulikabili siku chache zijazo apende asipende. Mtu mzima huyu, anayeamua nani abebe zege na nani arudi nyumbani, alikuwa amesimama barabarani akimuuliza muuza mbegu kama atakufa.

"Limekuzoea," alimwambia. "Hujapona."

Alimwita dereva wa bajaji kwa mkono. Msimamizi alianza kueleza kwamba ana mafundi wanaomsubiri, kwamba leo wanamwaga zege, kwamba labda kesho.

"Panda," Subilaga alisema. "Na usiongee mpaka tufike."

Alipanda. Subilaga aliketi kando yake, akamshika mkono juu ya kifundo kama anayemzuia kuruka, na kwa vidole vyake akayahisi yale mapigo, moja, jingine, kisha kimya cha kutisha, kisha mawili kwa pamoja.

"Endesha," alimwambia dereva.